Kinanda Kipi Kibaki

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, jamaa alikuwa amepakata kinanda cha umeme kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mama aliyekaa naye, fundi cherehani mwenye futi shingoni, akamuuliza kinaumwa nini.

"Hakiumwi, mama. Nakwenda kukiuza. Tunatarajia mtoto, na mke wangu anataka chumba changu cha muziki. Kati ya vinanda vyangu vinne nibaki na kimoja."

"Basi baki na unachokipiga."

"Navipiga vyote!"

"Mimi nina cherehani moja, na inashona suruali na gauni."

Jamaa akamwinamia, akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva: "Kile cha besi sikiuzi ng'o. Nimekifunika blanketi na shuka kisionekane. Wiki nzima mke wangu anapigia pasi juu yake akidhani ni meza, na anaisifu."

"Mwanangu, umekwisha."

Simu yake ikalia, na sote tukamsikia mkewe: "Nimechomeka waya nikidhani ni wa pasi. Mbona meza inanguruma?"

Basi likasimama mbele ya duka la vinanda. Jamaa hakujua ashuke au abaki.

"Shuka upesi, baba," mama akamsukuma. "Kauze hicho, ununue meza."