Asukile Aliyekataa Neno "Baridi"

Asukile Mwambene, Baba Tusekile, anaacha kazi Jumamosi hii, tarehe 29 Juni 1957, baada ya miaka kumi na sita katika banda la kukausha na kusaga pareto, maua ya dawa ya wadudu, hapa Mbeya. Ana miaka arobaini na minane. Ofisi inasema amestaafu. Sisi wenzake tunasema kifua kimechoka, moyo bado.

Alianza kwa kugeuza maua kwenye vichanja, akapelekwa kwenye kinu, akabaki huko. Kwa harufu tu anajua ua lililokauka na lililoungua. Nyumbani kwake Ilomba hakuna kunguni wala kiroboto. Vumbi la kaptula yake liliwatosha. Mimi niliyetoka mbali, Iringa, nililala kwake mwezi mzima bila kujikuna.

"Wadudu wanakufa, Liberatus," alinicheka. "Mimi je, ni tembo?"

Mwaka wa kumi wa kazi pumzi haikumtosha tena kumaliza wimbo kanisani.

Mwezi huu karani Joachim aliandika kwenye kipande chake, kadi yake ya kazi, sababu ya kuacha kazi: BARIDI. Akamwambia atie dole gumba.

"Mzee, tia dole, watu wanangoja."

"Wangoje. Mama yangu kazaliwa kwenye baridi ya milima ya Uporoto, kazeekea huko, na bado analima. Baridi gani hii inayochagua watu wa kinu tu?"

Neno lile si dogo. Likibaki baridi, milango ya banda itazidi kufungwa wakati wa kusaga ili unga usipeperuke, nasi tuliobaki tutalivuta vumbi lote huku tukiambiwa tununue makoti.

Hakujua kuandika. Siku kumi, saa ya kula, nilimchorea herufi mchangani kwa kijiti. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, lakini herufi tano nilizimudu. Jana alirudi ofisini, akaomba kalamu, akakata BARIDI, akaandika VUMBI, M yake imelala kama punda mgonjwa. Ndipo akatia dole. Joachim akagonga muhuri.

Baba Tusekile, ndaga fijo, asante sana. Nenda Uporoto kwa mama, ukae juani, Mungu akuongezee pumzi na miaka. Jumatatu kinu kikianza tutafungua milango yote miwili, na atakayekuja kuifunga atatukuta tumesimama hapo.