Sadaka ya Boti Iliyokwisha Ondoka

Ndani ya treni ya kuelekea Victoria Park, Masoomah aliketi nyuma ya wanawake wawili waliozungumza Kiswahili kwa sauti ya watu wanaoamini kwamba Toronto nzima haiwaelewi. "Binti yangu anasoma Athens," alisema mwenye baibui. "Wamepanda boti na wenzake, wanakwenda kisiwani wikendi hii. Bahari imechafuka, na tangu asubuhi simu yake haipatikani." Mwenziwe, waliyejuana naye vituo viwili tu nyuma, akamwambia baharini hakuna mtandao. "Basi nitamtolea sadaka." "Sadaka ya safari, dada, hutolewa kabla ya safari." Masoomah alitabasamu. Hofu ya mwenzio ni nyepesi kuibeba. "Hata wakiwa bado majini?" akauliza mwenye baibui. Yule mama alishatoa sarafu, akaifumbata na kuwataja anaowatolea, kama ilivyo ada. "Kwa ajili ya Batul wangu, na Inaara, na yule Shaila wa mtaa wa Crescent Town anayesomea udaktari wa meno."

Shaila, bintiye Masoomah, alikuwa ameapa jana kutoka Athens kwamba wikendi hii hatoki maktaba.

Treni ikasimama kituoni kwake, milango ikafunguka. Masoomah hakuinuka. Alikuwa akipekua mkoba, akitafuta sarafu.