Mzee Taja na Daftari la Zamu

Wachungaji, mashemasi, wazee wetu, ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia nasimama hapa mimi binti yake wa kwanza, mshonaji wa sare za shule, nisome habari za maisha ya baba yetu, ambaye nyumbani tulimwita Baba na ninyi nyote mlimwita Mzee Taja, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba shemasi mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa yuko hapa na ananitazama, amenipigia simu leo saa mbili asubuhi akaniomba kwa upole niuruke mwaka 1983, eti kuna wageni, nami nimemjibu kwa upole uleule kwamba sitauruka, maana nikiuruka sitakuwa nimesoma habari za mtu huyu, nitakuwa nimesoma habari za jirani yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa nne kati ya saba, baba yake akiwa mchoma matofali na mama yake mkunga, na bibi alituambia mara nyingi kwamba mtoto huyu alikuwa mbishi tangu tumboni, kwani alichelewa kutoka kwa wiki mbili na alipotoka hakulia mpaka alipopigwa makofi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza mwaka 1965, kisha akaenda chuo cha ufundi, ambako kwa miaka mitatu alijifunza mota na pampu, na tarehe 4 Januari 1971 akaajiriwa katika kituo cha pampu cha idara ya maji, kwenye lile jengo la mabati lenye kelele ambalo lilimfanya azungumze kwa kupaza sauti maisha yake yote, hata alipokuwa anaomba chumvi mezani.

Aliokoka mwaka 1973, akabatizwa kwa kuzamishwa tarehe 22 Aprili mwaka huohuo katika birika la kanisa hili la Kibaptisti, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameshaanza kuhubiri sokoni, kituoni, hospitalini, na hata kwenye foleni ya kinyozi, mpaka kinyozi akamwambia, "Fundi, wewe nikunyoe bure, lakini uje siku ambayo hakuna mtu." Mahubiri yake yalikuwa na neno moja, toba, na kwa toba hakumaanisha machozi, wala kuinua mkono, wala kufuata sala ya mhubiri neno kwa neno kama watoto wanaokariri, bali mtu aseme alichokosa, amwambie aliyemkosea, kisha ageuke aondoke pale alipokuwa.

Tarehe 17 Septemba 1977, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mama yetu, mpishi wa shule, na ibada ilichelewa dakika hamsini, bibi harusi amesimama mlangoni na jasho limeharibu uso wote, kwa sababu bwana harusi alikumbuka akiwa njiani kwamba alimdanganya babamkwe wake umri, akajiongezea miaka miwili ili aonekane mtu mzima, akaona hawezi kula kiapo na uongo ule mfukoni. Babu alipoambiwa alisema, "Yaani umenitoa kwenye kiti kwa jambo hili? Ingia ndani uoe!" Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wanne, mimi mwaka 1979, mdogo wangu wa kiume mwaka 1981, na mapacha wa kike mwaka 1985, na sote tuko hai, sote tuko hapa, na sote tumelelewa kwa swali moja.

Swali hilo nililipata rasmi mwaka 1994, nilipokuwa na miaka kumi na mitano na nikaomba kubatizwa, naye alikuwa mmoja wa wazee waliowahoji wanafunzi wa ubatizo. Wenzangu waliulizwa na wazee wengine wakapita kama maji kwenye bomba, mimi nikaangukia mikononi mwa baba yangu mzazi.

"Unatubu nini?" akaniuliza.

"Dhambi zangu zote," nikajibu, kama tulivyofundishwa.

"Zote ni kichaka, mwanangu, mtu hujificha humo. Taja moja."

Nikataja kwamba nilimjibu mama vibaya, akauliza kama nimeshamwomba mama radhi, nikasema bado, akaandika kwenye karatasi "bado". Mwaka uliofuata akaandika "bado", na mwaka 1997 akaandika "bado" tena, mpaka nikachoka, nikahamia kanisa la shangazi yangu, nikabatizwa huko mwaka 2003 nikiwa mama wa mtoto mmoja, naye akaja, akakaa benchi la mbele, na nilipotoka majini natetemeka akanifunika taulo akasema, "Umelowa vizuri. Sasa tungoje." Jamani, mtu anasema hivyo kwa mtoto wake?

Sasa nausoma mwaka 1983.

Ijumaa ya tarehe 11 Machi 1983, baba alikuwa zamu ya mchana kituoni, zamu inayokwisha saa kumi jioni, na jioni hiyohiyo alikuwa mhubiri katika mkutano mkubwa wa injili uwanjani, kwa hiyo saa tisa na robo aliondoka kabla ya kupokelewa, akaiacha pampu inanguruma peke yake, na katika daftari la zamu akaandika kwa mkono wake kwamba amekabidhi saa tisa kwa mwenzake wa zamu ya pili, jambo lililoaminika kirahisi kwa sababu wenzake walikuwa na desturi ya kupokeana mapema. Saa kumi kasoro robo mota iliungua. Mwenzake alifika saa kumi kasoro dakika tano, kwa wakati, akakuta moshi. Mji ulikaa siku tisa bila maji, daftari likasomwa, likaonyesha kwamba mota iliungua mikononi mwake naye hakuwepo, wakasema alipokea zamu kisha akaenda kulala kwa ulevi, wakamfukuza kazi, na mitaani wakampa jina la Lala Salama, jina ambalo watoto wake walizomewa nalo shuleni mpaka wawili wakaacha shule.

Na jioni ile baba alihubiri toba kuliko siku zote, watu arobaini na mmoja wakaja mbele wanalia, na baadhi yenu mlioketi hapa ndipo mlipookokea, nami sisemi kwamba wokovu wenu ni wa bandia, hilo mtaulizana na Mungu, ninasema tu kwamba aliyewaita alikuwa ameacha jambo lake kwenye daftari. Jumatatu alisikia mwenzake amefukuzwa, akanyamaza. Alinyamaza miaka ishirini na saba, huku akitutajisha sisi, hata mapacha, ambao wakiwa na miaka sita walikuwa wanakiri mpaka vitu walivyoota usingizini.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2006, akabaki na kuhubiri tu, na Agosti 2010 kanisa lilimwalika mhubiri mgeni mwenye vipaza sauti vikubwa, ambaye kwa siku tatu hakutaja toba hata mara moja, akasema anayetaka baraka ainue mkono, mikono mia mbili na kumi na miwili ikainuka, katibu akaiandika yote kuwa waongofu wapya, na wiki ya nne waliobaki kanisani walikuwa tisa. Baba akasimama kwenye kikao akasema, "Hata darasani watoto huinua mikono, wanataka kwenda chooni. Hamkuwaambia wageuke, mnashangaa nini wakiendelea na safari yao?" Mchungaji akamjibu, "Mzee wangu, ukianza na dhambi watu watakimbia." Baba akasema, "Na usipoanza nayo wanakimbia vilevile, tena na baraka zako mkononi."

Jumapili ya tarehe 10 Oktoba 2010 alilibeba jambo hilo mpaka mezani kwetu, akalizungusha tangu supu mpaka matunda, kisha akamgeukia mdogo wangu, aliyekuwa amegombana na mke wake, akamwambia, "Na wewe, taja." Mimi nikashindwa. Nikaweka kijiko chini nikasema, tena si kwa heshima, "Baba, maisha yetu yote unatutajisha. Leo taja wewe. Moja tu."

Nilitegemea anigombeze. Hakunigombeza. Aliinuka, akamfuata mama jikoni, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilimsikia baba yangu akizungumza kwa sauti ndogo, ndogo kiasi kwamba sisi wanne tulioegemea ukuta hatukuambulia neno. Mama alipotoka alikuwa amekaa miaka thelathini na tatu na mtu, na alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa yule si yeye. Akasema, "Mwambieni huyo baba yenu anifafanulie miaka yote niliyokaa nikimwombea yule mwenzake wa zamu aache ulevi. Ulevi gani?"

Jumatano ya tarehe 13 nilimsindikiza, kwa kuwa goti lilikuwa linamsumbua, hadi kwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli nyuma ya kituo cha mafuta, ambako yule mwenzake alikuwa amechuchumaa anaziba pancha. Baba akasimama mbele yake, akasahau mahubiri yote.

"Unataka nini?" fundi baiskeli akauliza bila kuinua macho.

"Nimekuja kusema. Ile siku niliondoka kabla hujafika. Niliandika uongo."

"Najua. Nilijua siku ileile."

"Mbona hukusema?"

Hapo ndipo fundi alipoinua macho. "Nilisema! Nilisema ofisini, nilisema mtaani, nilikuja mpaka kanisani kwenu nikamwambia shemasi. Nani angenisikia? Wewe ulikuwa mhubiri." Baba akaanza kulia, fundi akamkata, "Usinililie hapa, wateja wangu wataona. Nenda ukaseme kule ulikoandika."

Akaenda. Tarehe 15 Oktoba alisimama kituoni mbele ya wafanyakazi ambao wengi walikuwa hawajazaliwa mwaka ule, akasema, akaandika maelezo na kutia sahihi, na idara, ambayo ilimfukuza mtu ndani ya siku tatu, ilihitaji miezi kumi na mitano kumsafisha, barua ikatoka tarehe 19 Januari 2012. Na Jumapili ya tarehe 7 Novemba 2010 alisema katika mimbari hii, kila kitu, saa kwa saa, na ninyi wapendwa mkafanya nini? Mlimsimamisha kuhubiri miezi sita. Sawa, hilo hata yeye alilikubali. Lakini mlikuja nyumbani mmoja mmoja kumlaumu kwamba ameharibu ushuhuda, kwamba angetubu kimyakimya, kwamba mambo ya zamani yana wenyewe, mtu mliyemshangilia miaka ishirini na saba akiwaambia watu watubu, siku alipotubu mkamwona amekosa adabu. Mimi sina elimu ya dini, nashona sare, lakini nguo ikishonwa vibaya haisahihishwi kwa kuipiga pasi.

Fundi baiskeli hakumsamehe. Alimwambia, "Mimi sijakusamehe, na usinisumbue kwa hilo. Ila Jumanne nina kazi nyingi." Basi kila Jumanne kwa miaka minane baba alikwenda pale kujaza upepo na kushika magurudumu, mara nyingi bila wao kusemezana, akirudi na grisi mpaka kwenye masikio, na mama akifua huku ananung'unika kwamba toba ya mtu mmoja inamaliza sabuni ya nyumba nzima.

Tarehe 20 Novemba 2018 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea, na Januari 2019 figo zikaanza kushindwa, akalazwa. Fundi baiskeli alikuja kumwona Jumanne, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akatazama dirishani, akasema, "Nilikusamehe mwaka juzi. Nikasahau kukwambia." Baba, ambaye kwa wiki mbili hakuwa ametamka sentensi nzima, akainuka kwenye mto akasema kwa sauti ya kituo cha pampu, wodi nzima ikageuka, "Mwaka juzi? Na mimi nimekushikia magurudumu miaka miwili ya ziada?" Wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Marehemu alifariki Alhamisi ya tarehe 14 Machi 2019, saa kumi na moja alfajiri, mama akiwa amemshika mkono wa kushoto, akiwa na umri wa miaka sitini na saba na miezi tisa, na ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, mliovumilia kuulizwa na mgonjwa kama mmeshaombana radhi, majirani mliotuletea viti, kuni na maji, wafanyakazi wa kituo cha pampu mliokuja na sare zenu, kanisa, pamoja na yote niliyoyasema, kwa jeneza na kwaya, na fundi baiskeli, ambaye ameomba asitajwe kwa lile jina, na kuanzia leo asiitwe nalo na mtu yeyote, awe mkubwa au mdogo, aliye kanisani au mtaani.

Baba, umetuchosha. Umetuchosha kuliko mtu yeyote tuliyempenda. Kazi yako umeikabidhi kwa wakati, mwenyewe ukiwepo. Lala sasa, baba yetu, pumzika kwa amani.