Matundu Manne Nyuma ya Kioo

Wewe ungefanya nini ukishusha kioo cha kujitazamia cha sebuleni ukakuta ukuta wako umetoboka matundu manne?

Delphine Kozak alilitupa swali hilo kabla hata hajaketi. Benchi liko nje ya duka la kinyozi la kona, Baltimore, kwenye mtaa ambao nyumba zake za matofali zimeshikana ukuta kwa ukuta na kila mtu anajua jirani yake anakoromaje. Wenyeji wa Jumamosi walikuwepo na kahawa zao: Rufus, aitwaye Spika kwa kuwa kikao hakifunguliwi mpaka aseme yeye, na Lonnie, fundi bomba mstaafu, aitwaye Bomba, jirani wa Delphine wa ukuta mmoja. Jibu Delphine alikuwa nalo. Katika tundu la tatu ilichungulia ncha ya chuma, na kupitia la nne alimsikia Bomba jana akiimba na redio. Alichotaka ni kumsikia akisema mwenyewe, tena leo. Kesho binti yake Joanna angefika kutoka Arizona. Akiyaona matundu angesema nyumba inabomoka, iuzwe, mama ahamie kwake jangwani. Na bata wa mbao aliowachonga marehemu mumewe walikuwa bado kwenye maboksi, wakingoja rafu ambazo Bomba aliahidi kuzifunga kwenye ukuta huohuo, na ambazo wiki hii ghafla hataki kuzisikia.

— Panya, alisema Spika.

— Panya wa kula tofali, Rufus?

— Matofali yetu ya zamani, laini kama keki. Na panya wa bandarini umewaona? Wana mabega.

— Si panya, alidakia Bomba. Ni baridi. Maji yanaingia kwenye tofali, yanaganda, tofali linatema vipande.

— Linatema kwa mstari ulionyooka?

— Baridi ya mwaka huu ilikuwa na nidhamu, Delphine.

Spika alikuwa ameshawaacha panya.

— Basi ni treni ya mizigo. Ikipita, nyumba zinacheza. Zikicheza, misumari ya zamani inachomoka.

— Misumari yenyewe iko wapi?

— Itakuwa imeliwa na kutu.

— Treni naikubali, alisema Bomba.

— Au risasi, Spika aliendelea, maana alikuwa amepata moto. Za vita vya Kaskazini na Kusini.

— Nyumba yangu imejengwa miaka hamsini baada ya vita.

— Kwani risasi zina haraka gani?

— Risasi nazo haziko mbali na ukweli, alisema Bomba.

Delphine alipuliza kahawa yake.

— Na rafu zako mpya, Bomba, ulizofunga kwako, zinaendeleaje?

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa Bomba. Alijinyoosha.

— Hizo acha. Huoni kishikio hata kimoja, ubao umekaa hewani kama umeamriwa. Wengine wanatoboa kwenye chokaa kati ya tofali na tofali, halafu wanashangaa vyombo vikilala sakafuni. Mimi natoboa tofali lenyewe. Chuma kirefu. Shemeji yangu anaweza kukaa juu yake, na unamjua shemeji yangu.

— Kirefu kiasi gani?

— Cha kutosha, alisema, akaangalia ndani ya kikombe.

Marisol, kinyozi mpya, alikuwa ametoka kukung'uta taulo. Alikuwa amesikia yote kupitia dirishani.

— Samahani mama. Upande wa pili wa huo ukuta anaishi nani?

Spika alimgeukia Bomba. Bomba alikizungusha kikombe chake kitupu.

— Joanna anafika kesho mchana, alisema Delphine, taratibu. Nimwambie nini, Bomba? Baridi, treni, au risasi?

Bomba alishusha pumzi.

— Mwambie ni mimi. Nilidhani ukuta wetu una unene wa matofali mawili, kumbe ni wa moja. Keekee ya kutobolea ilipoacha kubishana, nikajua nimeingia sebuleni kwako. Nitaziba leo, na bata wako watapanda rafuni leo.

— Ulijua tangu tundu la kwanza?

— La kwanza.

— Na ukatoboa mengine matatu?

— Sasa Delphine, rafu ingekaaje kwa tundu moja?