Ruvina Tagahasi, Mwenye Korighole

Marehemu Ruvina Tagahasi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Lohoga, kisiwani Isabel, Visiwa vya Solomon. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Bi Mere Sukina, aliyerithi msitu wa Korighole kwa mama yake, kama ilivyo kwetu, ambako ardhi hufuata upande wa mama.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1969. Akaendelea kaka yake, Wilmot; Ruvina na mdogo wake wakaachwa na bustani za viazi vitamu. Huko mama yao alimfundisha Ruvina mipaka ya Korighole, kijito kwa kijito.

Tarehe 2 Julai 1979 alifunga ndoa na seremala Aldren Huhugu.

Mwaka 2009 kampuni ya magogo iliitaka Korighole. Wilmot akatia saini ya kuikubalia bila kuwauliza dada zake. Sheria ilitaka kikao cha hadhara, na mwenye pingamizi aseme hapo hapo. Lakini kwetu dada hamkanushi kaka mbele za watu. Akimkanusha, hulipa nguruwe. Ruvina alifika kikaoni akikokota nguruwe.

“Huyu wa nini?” Wilmot aliuliza.

“Wako, kaka. Nakulipa kabisa, maana nakuja kukuaibisha.”

Watu walicheka hadi karani akagonga meza. “Mama, kaka yako ameshawasemea.”

“Amejisemea. Andika, mwanangu, mimi nataja.”

Akataja mipaka yote bila karatasi. Wilmot, msomi wetu, alipoulizwa mpaka wa kaskazini, alitazama miguu yake. Hata hivyo kikao kilikubali saini yake, naye akamla nguruwe.

Muda wa kukata rufaa ulikuwa mwezi mmoja. Siku ya ishirini na nane Ruvina aliifikisha Buala, makao makuu ya mkoa, kwa boti, bahari ikiwa mbaya. Tarehe 11 Agosti 2011 mahakama ya ardhi ya kimila ilifuta kibali cha kampuni. Mwaka 2016 Korighole iliandikishwa kuwa hifadhi, naye akawa mwenyekiti wa kwanza wa kamati yake. Hata mti wa mtumbwi uliombwa kwa kamati, na aliyekata alipanda mitatu.

Aliugua kisukari tangu 2019. Alipokatwa mguu, alibebwa kwenye machela kwenda kukagua mpaka, akiwagombeza wabebaji njia nzima. Alifariki nyumbani tarehe 9 Mei 2024.

Ameacha mume, watoto wawili, Nerolin na Fostas, wajukuu watano, mdogo wake Jesina, aliyetoa maneno haya na Nerolin akayaandika, na kaka yake Wilmot.

Mbao za jeneza hili zimetoka Korighole. Wilmot aliziomba kwa kamati, kwa maandishi, kama sheria inavyotaka, na kamati ikamkubalia.

Alale kwa amani katika ardhi yake.