Mwanzo Sawa, Mwisho Sawa

Kwenye benchi la kahawa, kando ya kibanda cha kinyozi, Chuma amekaa na simu mbili mapajani, yake na ya mkewe. Kazi yake kuchomelea mageti. Mdogo wake wa kike yuko hospitalini ng'ambo, na hapasuliwi mguu mpaka fedha ziingie leo. Benki zimefungwa, basi akiba yote kaigeuza sarafu za mtandaoni. Hizo hazina meneja wa kulalamikiwa: ukikosea anwani, umeumia. Chuma anaogopa, na wa kumtia moyo ni Rivasi, dereva mstaafu, na Profesa, ambaye hakuna ajuaye alifundisha wapi.

— Asubuhi nilituma kidogo za kujaribu, zikafika, alisema Chuma. Nijaribu tena?

— Thubutu! Profesa akaruka. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Tuma zote!

— Ila toka kivulini, Rivasi akadakia. Sarafu hizi hupita juu. Zikigonga wingu, zinarudi nusu.

— Wingu gani? Wezi ndio wako hewani! Kinyozi, zima redio, wasitusikie.

Kinyozi akazima. Hakuna aliyecheka.

— Halafu mchana huu kuna mtu simjui kanirushia vijisenti, alisema Chuma.

— Riziki hiyo! Rivasi akapiga paja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Anwani yenyewe ni msururu wa herufi na tarakimu, nao ulitumwa kwenye simu ya mkewe. Chuma akaona uvivu kuuandika upya. Akafungua orodha ya miamala kwenye simu yake, akainakili anwani ya juu kabisa, akijua ndiyo ile ya asubuhi. Profesa akalinganisha na ujumbe.

— Mwanzo sawa. Mwisho sawa. Bonyeza, bwana!

Chuma akabonyeza. Zikaenda. Akashusha pumzi.

Mshonaji wa duka la pili alikuwa ndiyo kwanza anafika, kikombe mkononi.

— Mmekagua nini?

— Mwanzo na mwisho, dada yangu, akajibu Profesa kwa madaha.

— Na katikati?

Chuma akaziweka simu bega kwa bega, akafuata kwa kidole, herufi moja moja. Mwanzo na mwisho vilifanana na vya mdogo wake. Katikati yote ilikuwa ya mtu mwingine: yule wa vijisenti vya mchana, aliyejitengenezea anwani ya kufanana ili ikae juu ya orodha.

Simu ya mkewe ikaita. Akapokea.

— Wifi, kaka ameshatuma? Daktari amesimama hapa.