Waliookota Matawi ya Breki

Pale Shauri Moyo, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa karakana ya Mativo, kahawa ya Nuradin huanza kumiminwa saa mbili asubuhi, na ubishi huanza saa mbili kasorobo. Jumanne hiyo ya mwezi wa kumi ubishi ulikuwa na kazi maalumu. Khavere, dereva wa lori la magodoro kutoka Industrial Area, ambaye kijiwe kizima kilimwita Breki, alitakiwa kufikisha maelezo ya ajali ofisini kwao kabla ya saa sita, la sivyo asahau kazi. Karatasi ilikuwa pajani mwa Odero, karani mstaafu wa reli, ndiye aliyeitwa Profesa. Mativo mwenyewe, fundi seremala anayependa kwenda kusikiliza kesi mahakamani bila kuitwa, alikuwa Wakili. Breki alikuwa na hasira za siku tatu.

Profesa: Anza mwanzo. Na usitukane, hii ni barua ya ofisi.

Breki: Andika hivi. Jumamosi saa nne asubuhi, klachi ilikataa mita chache baada ya ile kona ya mijakaranda. Lori ikazima. Nikavunja matawi, nikayapanga kwa lami, nyuma ya lori. Dereva yeyote Kenya hii akiona matawi kwa barabara anajua kuna gari imekufa mbele. Hata mtoto wa nasari anajua!

Wakili: Hiyo ni sheria.

Profesa: Imeandikwa wapi?

Wakili: Kwa lami.

Breki: Sasa watu wa mapicha wakakuja, gari tatu, kujipiga na maua. Si unajua hiyo maua ya zambarau ikitoka watu wanaacha akili nyumbani? Hakuna indiketa, hakuna kusogea kando. Wanasimama katikati ya barabara, wanawasha taa za hazadi, wanafungua milango zote kama kuku anaota jua.

Wakili: Hazadi kwao ni hati ya shamba. Akiwasha tu, barabara ni yake.

Breki: Mama mmoja amelala kwa lami, buda! Amelala, ati maua imwangukie kwa uso! Mimi niko chini ya lori, naona viatu nyeupe zinapita. Kutoka hivi, namwona mwingine amekumbatia matawi yangu yote kama bibi harusi, bwanake anampiga picha. Nikamwambia, mama, rudisha hiyo, ni alama! Akaniambia nitoke kwa picha yake.

Kilichofuata wote walikijua. Sylvance wa Ziwani, mpeleka maziwa kwa pikipiki, alitokea kwenye kona, akakuta lami tupu isiyo na onyo, akalivaa lori kwa nyuma. Mguu wake ulivunjika sehemu mbili. Watu wa mapicha waliondoka kabla maziwa yaliyomwagika hayajafika mtaroni.

Profesa: Makosa ni yako pia. Ungekata mchongoma. Nani anapiga picha na miiba?

Breki: Ile ilikuwa hapo ni mijakaranda! Ulitaka niende Kakamega nitafute mchongoma?

Wakili: Tulia. Tawi likishaguswa na lami linakuwa mali ya serikali. Hao wameiba alama ya barabara. Miaka saba, bila faini.

Profesa: Lakini wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hao walisimama kabisa. Wangejikwaa wapi?

Breki: Unaandikia mimi ama unaandikia wao?

Nuradin alikuwa akimimina kahawa muda wote. Sasa aliiweka birika juu ya jiko.

Nuradin: Nyinyi hamwoni. Hii ni biashara. Gari zikigongana, nani anakula? Magereji. Sasa jiulize, nani alipanda hiyo miti?

Profesa: Mzungu, miaka ya ukoloni.

Nuradin: Na gari yake ikiharibika alikuwa anapeleka wapi?

Wakili: Basi miti ishtakiwe! Isimame kizimbani na maua yake, iulizwe kwa nini inachanua karibu na kona. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

Breki: Guu limevunjika la Sylvance! Yeye alikataa la mkuu gani? Eh? Niambie!

Wakili alikunywa kahawa yake. Profesa akainama, akaandika, kisha akasoma kwa sauti ya ofisi: "Nilitoa onyo la kutosha." Breki akamwomba arudie. Sentensi hiyo ilimfurahisha, maana ilisimama wima na haikumgusa kwa lawama yoyote.

Ndipo walipomwona mwanamke aliyesimama mbele yao, ovaroli ya kiwanda mwilini na mfuko wa nguo za mgonjwa mkononi.

— Hamjambo, wazee. Natafuta dereva anaitwa Khavere. Askari wa geti kwa kampuni yao amenielekeza hapa.

Breki akasimama.

— Ni mimi, dada.

— Naitwa Awuor. Sylvance ni ndugu yangu.

Nuradin akamwoshea kikombe. Awuor hakukipokea.

— Pole sana, dada, Breki akasema. Hao watu tutawasaka. Waliokota matawi yangu. Hawana adabu kabisa.

— Nimesikia. Nikiwapata watanijua. Lakini jana nilienda polisi kuona hiyo lori. Laifseva iko nyuma ya kiti. Ile nyekundu ya pembe tatu ya kuonya magari, inamulika hata ukiwa mbali. Bado iko kwa nailoni ya duka.

— Dada, hizo ukiweka kwa barabara zinaibwa. Mimi nimeibiwa mbili. Hiyo naweka ya kuonyesha polisi wakisimamisha gari.

Breki aliyasikia maneno yake yakitoka, akatamani kuyarudisha. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Awuor alimkazia macho. Hakupaza sauti.

— Sasa ulikuwa unaiwekea siku gani?

Saa ilikuwa tano na nusu.

Breki: Profesa, futa hiyo laini ya onyo.

Profesa: Na niandike nini?

Breki: Andika laifseva ilikuwa nyuma ya kiti, kwa nailoni.

Awuor alikuwa bado amesimama pale, akisikiliza kila neno.